Masika Yangu ya Kwanza Barabara ya Juu

Jumatatu, 2 Machi

Mkuu wa usafirishaji ameniita asubuhi, akausukuma ufunguo juu ya meza bila kuniangalia usoni. "Gari la mlimani," akasema. "Mpaka masika yaishe."

Nimeendesha magari ya ofisi ya elimu miaka sita, yote kwenye lami. Nampeleka bosi kikaoni, namrudisha bosi nyumbani, naosha gari. Madereva wenzangu wananiita Dada Lami. Nilipotoka na ule ufunguo mmoja akauliza kama nimeshaandika wosia. Wakacheka. Na mimi nikacheka, ila meno tu.

Huko juu kuna shule moja ya msingi, kilomita hamsini na nane kutoka hapa, na arobaini na tatu kati ya hizo hazijawahi kuonja lami. Kila Jumatano gari linapeleka vitabu, chaki, barua, na mwalimu yeyote anayepanda au kushuka. Mwezi wa tano litapeleka mitihani ya kumaliza shule, na hapo ndipo penye kazi. Mwaka jana mitihani haikufika. Dereva aligeuza njiani, darasa zima la saba likarudia mwaka.

Dereva mwenyewe bado yupo. Magoti yamemchoka, wamemweka stoo ya vipuri. Ofisi nzima inamwita Rivasi, gia ya kurudi nyuma. Hata mimi.

Nyumbani mama amesema nikatae. "Waambie una mama mgonjwa."

"Unaumwa nini, mama?"

"Hiyo watatafuta wenyewe."

Jumatano, 4 Machi

Safari ya kwanza. Nimeaibika.

Mvua hata haijaanza sawasawa, ni manyunyu tu ya jana. Kilomita ya ishirini kuna kona yenye udongo mwekundu. Nikaingia nayo kama ninavyoingia kona za mjini, gari likaserereka taratibu, kwa adabu kabisa, likaketi mtaroni. Ndipo nikakumbuka kwamba gari lina foo-wili. Nikaiingiza. Matairi manne yakazunguka badala ya mawili, tukazama zaidi. Wapita njia tisa walinisukuma saa nzima. Mmoja akaniuliza, "Dereva yuko wapi?"

Nimefika shuleni saa kumi. Mwalimu mkuu ni mama mfupi mwenye mabuti ya mpira na sauti ya kuamrisha jeshi. Alilitazama gari, akayatazama matope niliyopakaa mpaka masikioni. "Safari hii wameleta wa kike," akamwambia mwenzake, kana kwamba mimi ni boksi la chaki. "Haya, tutaona."

Waliokuja kupakua mizigo ni darasa la saba. Arobaini na mmoja. Wavulana wengine wameshaanza kuota ndevu, na sare za wasichana zimewabana mabegani. Wamekaa darasa lilelile miaka miwili. Hawakunisalimu kwa ubaya, lakini hawakunisalimu kama mtu wanayetegemea kumwona tena.

Alhamisi, 5 Machi

Mgongo. Mama amenikanda kwa maji ya moto akisema "nilikwambia" mara nne.

Ijumaa, 6 Machi

Nimekwenda stoo. Rivasi alikuwa anachambua nati, kubwa huku, ndogo kule. Ni mwembamba, mikono yake imejaa makovu ya injini. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Uliingiza foo-wili ukiwa wapi?"

Habari zilishamfikia. "Nilipokwama."

"Umechelewa. Ingiza kabla tope halijakuona."

Nikasimama pale kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Akamaliza nati zake. Kisha akasema, "Jumapili. Machimbo ya kokoto. Njoo na gari, mimi nitakuja na miguu yangu mibovu."

Njiani kurudi nilijiuliza: mtu aliyeshindwa atanifundisha nini? Lakini mwingine hakuna.

Jumapili, 8 Machi

Saa tano nzima kwenye yale machimbo. Amenikalisha, akanisimamisha, akanishusha, akanipandisha.

Dole gumba halikumbatii usukani. Gurudumu likigonga jiwe, usukani unageuka ghafla na kukuvunja. Upepo wa matairi unapunguzwa kwenye tope, yalale yashike. Kwenye mteremko, gia nzito namba moja, mguu mbali na breki, injini ikushikilie. Hilo la mwisho limenitoa jasho jembamba. Mara ya kwanza nilikanyaga breki, gari likaanza kutembea kiubavu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tano nilikalia mguu wangu wa kulia.

"Sasa ukihitaji mafuta utakanyaga na nini?" akauliza.

Akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Ana pengo moja juu.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Nimefika saa saba. Sijakwama.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Mto umejaa kidogo. Nimefika saa saba na robo.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Nimefika. Mwalimu mkuu ameniletea kikombe cha chai mwenyewe, akasimama mpaka nikamaliza, akachukua kikombe, akaondoka. 

Jumatano, 1 Aprili

Kuna mahali kilomita ya arobaini na sita wanapaita Kiuno. Mlima umejikata, barabara imebana ubavuni mwake: kulia ukuta wa udongo, kushoto hakuna kitu. Unaona ukungu tu, na vilele vya miti vikiwa chini yako. Nikipita pale huwa sipumui.

Leo nilikuta watu wa barabara wanapanga mawe. Nikasimama, nikawagawia maji. Msimamizi wao ni mtu mnene wa kupenda hadithi. Akaniuliza habari za "yule mzee".

"Rivasi?"

Uso ukamkunjamana. "Nani kampa jina hilo? Mimi nilikuwa hapahapa siku ile. Alishuka garini, akatembea Kiuno chote kwa miguu, akapiga magoti, akaingiza vidole kwenye ufa. Akarudi, akageuza gari. Waliokuwa naye walimtukana. Baada ya dakika ishirini, dada yangu, barabara yote ilikwenda chini. Yote. Hii unayopita tumeichonga upya."

"Mbona ofisini wanadhani ilikatika siku nyingine?"

"Niliandika ripoti. Labda iko kabatini."

Nimeendesha mpaka juu nikiwa nimefura. Nilijua ninaowakasirikia, na mmoja wao ni mimi.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimekwenda stoo kabla hata ya kusaini daftari la kufika kazini. Nikamwambia niliyoyasikia.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wakasema dereva mwoga lazima awe na sababu." Akachukua nati, akaitia mahali pake. "Halafu wale watoto walirudia mwaka kweli. Hapo ningesema nini? Ninajua majina yao yote. Miaka kumi na minne nimewapelekea madaftari."

Nilikaa kwenye boksi la filta. Nikamwomba radhi. Akaniambia nisimharibie hesabu ya nati.

Mchana, madereva walipomtaja kwa lile jina, nikawaambia kilichotokea pale Kiuno, kwa kirefu, nikiwa nimesimama. Hakuna aliyecheka. Mmoja alijikuna kichwa, akatoka nje.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua. Nimefika saa sita na nusu! Mwalimu mkuu ametazama saa yake, akaitikisa kuona kama inatembea.

Jumatano, 15 Aprili

Nimekwama mara mbili, nikajitoa mara mbili kwa winchi, ile mashine ya waya iliyo mbele ya gari, peke yangu. Wapita njia walikaa kwenye jiwe wakinitazama. Hakuna aliyeuliza dereva yuko wapi.

Jumatano, 22 Aprili

Kiuno kimepasuka. Ufa wa upana wa kidole, umekwenda kwa urefu karibu na ukingo. Nilishuka, nikatembea, nikapiga magoti kama alivyofanya yeye. Kiganja kimoja tu cha udongo kilimomonyoka. Nikapita nimegandamana na ukuta, kioo cha pembeni kikachubuka. Kurudi vilevile.

Watu wa barabara wamehamishiwa kwingine. Zimebaki siku kumi na mbili.

Ijumaa, 24 Aprili

Mzee wangu wa stoo amesikiliza habari za ufa akiwa amefumba macho. Kisha akachukua kalamu, akachora nyuma ya fomu ya mafuta. Kabla ya Kiuno, mita mia mbili, kuna njia ya zamani ya wapasua mbao. Inapanda msituni, inapita mgongoni mwa mlima, inashuka ng'ambo ya pili ya Kiuno.

"Mwaka jana mbona hukuipita?"

"Magogo yalikuwa yameifunga. Nilisikia yameondolewa Desemba. Lakini gari halijapita pale miaka tisa." Akanipa karatasi. "Nenda kwa miguu kwanza. Usipopaamini, geuza. Umenielewa? Geuza, uje tupange nati pamoja."

Jumatano, 29 Aprili

Barabara imefungwa mtoni. Gari halijaenda. Mvua.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua. Mama hasemi tena nikatae. Amenishonea mfuko wa turubai wa kuwekea glavu.

Jumatatu, 4 Mei

Naandika nikiwa chumba cha wageni cha shule. Usingizi unanivuta. Lakini niandike leo leo.

Tulipakia saa kumi na mbili asubuhi. Sanduku la chuma lenye mitihani. Askari wa kulilinda, mtu wa miraba minne. Na msimamizi wa mtihani, mwalimu kijana kutoka mjini aliyevaa viatu vyeupe. Mkuu wa usafirishaji aliinama dirishani. "Ukiona mbaya, geuza. Sitaki maiti." Halafu akashusha sauti. "Ila wazazi wametuma ujumbe. Wakikosa na mwaka huu, wanawatoa shule wote."

Mto ulikuwa wa rangi ya kahawia, unapiga kelele. Msimamizi akasema, "Dada, si tungoje upungue?" Mawingu ya juu yalikuwa meusi tii; usingepungua, ungejaa. Nikajifunga kamba kiunoni, askari akashika ncha, nikaingia na fimbo. Maji ya mapajani, baridi ya kukata maini, lakini chini mawe hayachezi. Nikarudi, nikafunga turubai mbele ya boneti maji yasirukie injini, nikaingia gia nzito, mwendo mmoja bila kusita. Maji yalipenya chini ya milango. Viatu vyeupe vilipandishwa kwenye kiti. Tukatoka.

Saa nne na nusu tulifika Kiuno. Hakikuwepo.

Kipande cha urefu wa magari mawili kimekwenda. Kingo zilikuwa bado zinadondosha vijiwe. Tulisimama watatu ukingoni. Kisha askari akavua kofia. "Basi," akasema.

Hapo nilielewa mwaka jana ulivyokuwa. Kugeuza ni rahisi kuliko kurudi ofisini.

Nikatoa karatasi ya mzee. Nikawaambia wangoje, nikapanda njia ya wapasua mbao kwa miguu. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Magugu ya kiunoni, mpando mkali, mgongo wa mlima kidogo, kisha mteremko ulionyooka mpaka barabarani. Kila hatua nilikita kisigino. Chini ya matope kuna mawe. Mlima hauchezi.

"Panapitika?" msimamizi akauliza.

"Pananing'ang'ania miguu. Kama gari litapanda, sijui."

Askari akavaa kofia yake. "Mimi nimeamriwa nisiachane na sanduku. Sanduku linakwenda na wewe. Niambie nishike wapi."

Nikapunguza upepo. Tukaanza. Theluthi ya kwanza gari lilipanda kama mbuzi, nikaanza hata kujisifu. Theluthi ya pili likasimama, matairi yakazunguka, tope likaruka mpaka kwenye matawi. Nikavuta waya wa winchi mpaka kwenye shina kubwa, tukajivuta mita kumi. Tena. Tena. Mara ya nne winchi ikatoa moshi, ikalia kama paka, ikafa.

Zilibaki mita ishirini, nazo ndizo mbaya kuliko zote.

Nilikaa chini matopeni. Nikataka kulia, sina haja ya kuficha kwenye shajara yangu mwenyewe. Nilipoinua macho nilimwona msimamizi wa mtihani, pekupeku, viatu vyeupe amevifunga kamba na kuvitundika shingoni, anakata matawi na kuyapanga kwenye alama za matairi, moja moja, kama anapanga madawati. Hakuwa ameambiwa na mtu.

Nikasimama. Tukapanga matawi, mawe, mazulia ya gari, na koti la askari. Nikaliacha gari lirudi nyuma taratibu mita nne, hadi penye mawe. Nikawaambia wakae pembeni. Nikavuta pumzi, gia nzito namba mbili, mguu sawasawa, si mwingi si mdogo, na sikuutoa. Gari lilikwenda kulia, likaja kushoto, boneti ikawa inatazama mbingu, sikuona njia, niliona mawingu tu, kisha boneti ikashuka na nikauona msitu mbele yangu. Tulikuwa mgongoni.

Nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. Askari alikuja mbio, akaukumbatia mlango wa gari maana mimi alinionea haya.

Kushuka nilitaka niende peke yangu. Msimamizi alikubali upesi sana, akashuka kwa miguu. Askari aliingia nyuma, akakaa juu ya sanduku. "Nimeamriwa," akasema.

Namba moja nzito. Mguu mbali na breki. Nusu ya mteremko mambo yalikuwa shwari. Kisha nyuma ya gari ikaanza kutupita, taratibu, kuelekea kushoto kwenye korongo. Mwili wangu mzima ulililia ile breki. Mguu ulishaondoka. Nikaurudisha, nikaupeleka kwenye mafuta, nikakanyaga kidogo tu, usukani nikaufuata kule gari linakotaka. Likajinyoosha. Nilisikia askari nyuma yangu akisema, "Asante, asante, asante," sijui kwa Mungu au kwa gari.

Tulipotua barabarani, watu walikuwa wamejaa. Wazazi, na majembe mikononi. Walikuwa wamekuja tangu asubuhi kuchimba Kiuno kutoka upande wao, wakasikia injini msituni juu ya vichwa vyao. Mwalimu mkuu alikuwa mbele na mabuti yake, matope mpaka magotini. Jembe likamdondoka.

"Mmepita wapi?"

Nikaonyesha juu. Akatazama juu, akanitazama mimi. Akafungua mlango, akanivuta nje, akanibana kifuani mpaka mbavu zikalia. "Wa kike," akasema sikioni mwangu. "Wa kike!" Vigelegele vikapasuka. Saa yangu ilisema saa kumi na dakika kumi.

Jumanne, 5 Mei

Saa tatu kamili mwalimu mkuu amegonga kengele. Nilikuwa nimekaa kwenye bampa, nje ya dirisha la darasa. Nilisikia msimamizi akisema, "Fungueni karatasi zenu," na karatasi arobaini na moja zikafunguliwa kwa pamoja, kama ndege wanaruka. Halafu kimya kikubwa.

Binti mmoja wa dirishani aliinua kichwa kabla ya kuanza kuandika. Akanionyesha kalamu yake.

Jumatano, 6 Mei

Siku ya pili ya mtihani. Jua! Nimefua ovaroli, nimeianika kwenye boneti. Wazazi hawajaonekana kijijini tangu jana. Nimeambiwa wako msituni.

Alhamisi, 7 Mei

Tumeshuka na majibu. Wazazi wamefyeka ile njia yote, wamechonga ukingo, wamemwaga mawe kwenye zile mita ishirini. Jumatatu ilinichukua zaidi ya saa nne. Leo dakika kumi na nane. Walikuwa wamejipanga pembeni na majembe, nikapita nikipiga honi kama gari la bibi harusi.

Ofisini madereva wote walikuwa getini. Mkuu wa usafirishaji alinipa mkono, akaniambia nimemaliza kazi, Jumatatu nirudi kwenye gari la bosi. Nikamwambia atafute mwingine, mimi nina safari Jumatano. 

Mzee nilimkuta stoo. Alitaka nimsimulie kona kwa kona. Nilipofika kwenye winchi kufa aliweka nati chini. Nilipofika kwenye mteremko aligeukia rafu, akajifanya anatafuta kitu kwa muda mrefu.

Nikamwambia, "Jumatano unakaa mbele na mimi."

Jumatano, 13 Mei

Nimempandisha. Tangu getini mguu wake wa kulia haukutulia, kila kona anakanyaga breki ambayo haipo. Nilimwambia atatoboa sakafu ya serikali. Akasema niangalie mbele.

Kwenye Kiuno nilisimama. Alishuka na fimbo yake, akasogea, akatazama lile pengo muda mrefu. Kisha akarudi garini.

Shuleni mwalimu mkuu alitoka ofisini, akamwona, akasimama. Mwaka mzima mama huyu alikuwa hataki hata jina la mzee litajwe. Alitembea mpaka kwake, akamshika mikono yote miwili.

"Nilikusema vibaya," akamwambia mbele ya watu wote. "Jumatatu ile niliuona mlima ukiwa umekatika kwa macho yangu. Ungepita mwaka jana, tungezika."

"Watoto wamefanya?" akauliza mzee.

"Wote arobaini na mmoja."

Akaanza kuwataja. Majina yote, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea, na kila anayetajwa alijitokeza, mpaka wakamzunguka na fimbo yake isionekane tena.

Tuliondoka saa tisa, jua likiwa bado juu. Alikuwa na maneno mengi: injini inalia hivi, klachi ibadilishwe, kwenye msitu nishike kulia. Nikapanda njia mpya, nikafika mgongoni, nikaingiza namba moja nzito, nikaanza ule mteremko wa kurudi. Maneno yakapungua. Nikadhani ameogopa. Nikageuza jicho kidogo.

Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi, anakoroma.